Pareto ndo mfano wenyewe

Kaka unauliza hiyo bayoekonomia, yaani uchumi wa kutengeneza bidhaa kutoka kwenye mimea na viumbe hai, inatusaidia nini sisi wa nyanda za juu kusini Tanzania wakati kila kitu tunauza nje kikiwa ghafi, aisee sio kila kitu, angalia pareto. Maua yanalimwa Umalila, Makete, Mufindi huko kwenye baridi, mkulima anachuma yaliyochanua anaanika, afu yanaenda kiwandani Mafinga wanatoa ile sumu ya kuua wadudu iliyo ndani ya ua, pairethrini, kinachopanda meli ni dawa nzito ya majimaji sio magunia ya maua, wazungu wanatengenezea dawa za wadudu. Mzigo mdogo bei kubwa, nauli haili faida. Ila ukianika hovyo sumu inashuka na bei yako inashuka nayo, usije ukalia na mnunuzi.

Parachichi ndo kinyume chake, ile aina ya Hass ya Njombe na Rungwe inaondoka ilivyo kwenye kontena la ubaridi, Ulaya, India, na China walifungua mlango 2022, yale makombo yanayokataliwa pakihausi, kule wanakochambua na kufungasha, ndo yangekamuliwa mafuta hukuhuku, hapo nakubaliana na wewe kabisa.

Na soko sio Ulaya tu jamani, hata hapa Afrika lipo. Aprili 2025 si serikali yetu ilifungia mazao ya Malawi na Afrika Kusini yasiingie, kisa Malawi walikataa mchele na tangawizi zetu na Afrika Kusini ndizi? Zikapita siku chache tu wakaelewana. Aliyekuwa na mzigo wa ndizi mbichi barabarani siku hizo muulize yeye.