Pandikiza ishara bandia kabla ya kuisawazisha darubini

Kwa yeyote anayeanza kuchambua data za darubini za redio zinazotafuta haidrojeni ya enzi za nyota za kwanza, ushauri wangu ni huu: kabla ya kusawazisha chochote (yaani kuondoa kwenye data makosa yanayoletwa na chombo chenyewe), pandikiza kwenye data ishara bandia ambayo ukubwa wake unaujua, kisha uitafute mwishoni.

Mimi nilichelewa kulijua hilo, nikiwa na data za HERA, safu ya madishi 350 yenye kipenyo cha mita 14 kila moja, huko Karoo, Afrika Kusini. Wimbi la haidrojeni huanza safari likiwa na masafa ya megahezi 1420, lakini kutanuka kwa ulimwengu hulivuta hadi likatufikia chini ya megahezi 200, likiwa limefunikwa na mng'ao wa galaksi yetu unaolizidi kwa maelfu kwa maelfu. Tunaponea hapa tu: mng'ao huo hubadilika taratibu kutoka masafa hadi masafa, ilhali ishara tunayoitafuta hupanda na kushuka harakaharaka. Chombo chenyewe kikianza kupandisha na kushusha, huwezi tena kujua kipi ni kipi.

Grafu zangu zilikuwa na viwimbi vilivyojirudia kila baada ya megahezi 0.8 hivi. Chanzo kilikuwa kebo ya mita 150: sehemu ya ishara hugonga mwisho wake, hurudi ilikotoka, kisha huja tena ikiwa imechelewa takriban nanosekunde 1200. Sikuchunguza. Niliiachia programu irekebishe kila antena kwenye kila chaneli, yaani kila kipande chembamba cha masafa, itakavyo, viwimbi vikatoweka, nikalala usingizi mzuri. Nilipokuja kupandikiza ishara bandia, nayo ikatoweka vilevile. (Wenye uzoefu kunizidi waliwahi kunaswa: matokeo ya PAPER, darubini iliyoitangulia HERA, yalichapishwa mwaka 2015 na kutenguliwa na waandishi wenyewe mwaka 2018, kwa kuwa uchambuzi ulikuwa ukiimeza ishara.)

Siku hizi nikiona kiwimbi huuliza kwanza kinalingana na urefu wa kebo ipi, na marekebisho huyaruhusu yabadilike polepole tu kwenye masafa. Jozi za antena zenye umbali na mwelekeo mmoja zinapaswa kuona anga lilelile, kwa hiyo zikitofautiana, tatizo huwa kwenye chombo. Angalia hasa antena za pembezoni, ambazo hazikuzungukwa na majirani pande zote kama zile za katikati. Zikikataa kukubaliana na wenzake, usizilazimishe, ziondoe kwenye hesabu.