Aki haikorogwi

Juzi msomaji wangu mmoja wa Toronto aliniandikia: "Dada, nimepika aki ya kopo imekuwa uji. Nimekosea wapi?" Aki ni tunda la Wajamaika linalopikwa kama mboga, na uji huo naujua. Nimeshaupika mimi, tena mbele ya wakwe.

Nimeolewa na Mjamaika, tunaishi Birmingham. Mama mkwe alipokuja kwetu mara ya kwanza nikajitosa kumwandalia kifungua kinywa cha kwao, aki na samaki wa chumvi, chakula chao cha taifa. Mimi mtoto wa Tanga, ng'onda na papa nimekua nao, nani wa kunifundisha samaki wa chumvi? Nikamsuuza mara moja tu, nikamtia kikaangoni. Aki nikaimwaga na maji yake ya kopo, nikakoroga kwa mwiko kama ninayepika maharage. Ikatoka rojo, na chumvi inakwaruza koo. Mama mkwe alikula vijiko viwili kwa adabu. Wifi yangu alisukuma sahani, akasema watu wote wakisikia kwamba chakula hiki hakipikwi na mgeni. Miaka sita sasa, na neno lile bado nalisikia kila ninapofungua kopo.

Jumapili iliyopita mama mkwe alifuta sahani yake kwa kipande cha shelisheli la kukaanga, akauliza kama imebaki nyingine. Ndiyo maana leo nina nguvu ya kuandika.

Anza na samaki. Mloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji, mchemshe kwa maji mapya, kisha onja kipande. Bado kikali? Badilisha maji, chemsha tena. Halafu mchambue kwa vidole, toa miiba na ngozi. Samaki huyu alikuwa akiletwa kutoka Kanada kulisha watumwa wa mashamba ya miwa, na aki yenyewe asili yake ni Afrika Magharibi, hata jina lake limetoka kwa Waakan. Mama mkwe ndiye aliyenieleza hayo, tukiwa tumesimama jikoni, na tangu siku hiyo samaki simharakishi tena.

Kaanga kitunguu, kitunguu saumu, pilipili hoho, nyanya, na kijiti cha thaimu. Pilipili yao kali inafanana na pilipili mbuzi yetu kwa umbo na harufu, basi tumia hiyo. Tia samaki, nyunyiza pilipili manga, mwache ashike viungo.

Aki inaingia mwisho. Ya kopo imeshachemshwa, kwa hiyo ichuje kabisa, itandaze juu, punguza moto, kisha tikisa kikaango au inua kwa mwiko kutoka pembeni. Usikoroge! Funika dakika tatu. Ukifunua utaona vipande vya manjano vimekaa vizima, mikunjo yake inang'aa mafuta, ukikigusa kimoja kinalegea kama kiini cha yai. Hapo zima moto.

Sasa wanaoniuliza kuhusu aki mbichi, nisikilizeni vizuri. Tunda hili halivumbikwi kama ndizi. Lazima lipasuke lenyewe mtini, lionyeshe mbegu zake nyeusi. Lililofumba lina sumu iitwayo haipoglisini, inayoshusha sukari mwilini hadi mtu akatapika, akazimia, hata akafa. Hata lililopasuka, mbegu na ule utando mwekundu unatupa, nyama unaichemsha, na maji yake unamwaga. Marekani ilizuia kuingizwa kwa aki kuanzia 1973 mpaka 2000, na hata leo inakagua viwanda vinavyoipeleka. Kama hujui mti wala aliyechuma, nunua kopo. Msilishe watoto wenu kwa kubahatisha.

Na wewe dada wa Toronto, umezungukwa na Wajamaika. Mtafute mama mmoja mtu mzima, msalimie, omba usimame jikoni kwake umwangalie. Sisi wapishi wa pwani tuna kiburi, tunadhani aliyejua pilau amejua vyote. Mimi kiburi hicho kilinichelewesha miaka. Uliza. Rudia. Loweka samaki usiku, usisubiri asubuhi.

Wifi hakuwepo Jumapili. Anakuja Pasaka, na samaki nimeshamnunua.