Barua kwa mwanangu aliyeko Chennai: mkono wa Parvati haujavunjika

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na ile picha uliyotuma WhatsApp nimeikuza mpaka mwisho wa simu. Unasema hapo makumbusho ya Egmore umemkuta Parvati wa bronzi, yule mungu wa kike wa Wahindu, mke wa mungu Siva, vidole vya mkono wa kulia amevikunja kama ameshika kitu na kitu chenyewe hakipo, je kilivunjika au kiliibiwa, na kwa nini wenzake wengine wana mikono minne yeye miwili tu. Nimefurahi kweli umeuona huo mkono, maana watu wengi wakiingia kwenye ule ukumbi wanamkimbilia Nataraja, yule Siva anayecheza ndani ya duara la moto, wanapiga selfi wanaondoka.

Hakuna kilichovunjika. Mkono ulisubiwa, yaani ulimwagwa kwa shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu, hivohivo mtupu, makusudi. Pale kwenye vidole ndo panapochomekwa ua bichi, ua halisi la bustanini, likinyauka linawekwa lingine. Fundi aliacha nafasi kwa ajili ya mtu mwingine aje amalizie, na ukishalielewa hilo mengine yote kuhusu hizi sanamu yanakuwa mepesi, kwa sababu zile hazikutengenezwa zikae kwenye kabati la kioo na taa juu. Ndani kabisa ya hekalu mungu mkuu ni wa jiwe, hatoki. Hizi za bronzi ndo za kutoka, siku ya sikukuu zinabebwa mabegani zinazungushwa mitaani ili hata mgonjwa na mzee asiyeweza kufika hekaluni naye aone na aonwe. Rudi uangalie kitako cha yule Parvati, utaona pete au matundu pembeni, humo zinapita fito za kubebea.

Na kabla ya kutoka anaogeshwa kwa maziwa, asali, maji ya msandali, anavalishwa hariri, dhahabu na mashada ya maua mpaka kinachobaki kuonekana ni uso tu na saa nyingine vidole. Kwahiyo kile kiuno kilichokatika vizuri na mikufu iliyochongwa ambayo sisi tunaisifia makumbusho, muumini wa kawaida kule haioni kabisa, ipo chini ya nguo. Fundi alijua hivyo na bado alitengeneza kila shanga. Mimi hilo huwa linanigusa sana kama mtu wa kiwandani.

Unajua baba yako alikuja Tiruchirappalli, mji wa jimbo hilohilo lako la Tamil Nadu, kujifunza kazi ya kusubu chuma, na wikiendi moja tukapelekwa Swamimalai karibu na Kumbakonam, kijiji ambacho mafundi wake, wanaitwa sthapati, bado wanasubu miungu kwa njia ileile ya enzi za wafalme wa Chola, yaani karne ya 9 mpaka ya 13. Fundi hakushika rula. Alichukua utepe wa ukuti wa mnazi, akaukata sawa na urefu wa sanamu anayoitaka, akaukunja akaukunja tena, na ile mikunjo ndo vipimo vyake, uso hapa, kifua hapa, goti hapa. Sanamu inaumbwa kwanza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu, urembo wote unamalizwa kwenye nta, alafu inapakwa udongo laini wa mto Kaveri tabaka kwa tabaka, unaachwa ukauke, inafungwa waya, inachomwa, nta inayeyuka inatoka, shaba iliyoyeyuka inaingia pale ilipokuwa nta. Ikipoa wanavunja udongo. Kalibu imekwisha, haiwezi kutoa ya pili, ndo maana hutakuta Parvati wawili wanaofanana kabisa. Kwa desturi wanataja metali tano, ila fedha na dhahabu ni kidogo mno, karibu yote ni shaba. Na za kubebwa ni nzito tupu, hazina uwazi ndani! Wewe hujawahi kusubu, ila amini, kumwaga kitu kizima kizito hivyo chenye vidole vyembamba namna ile bila viputo vya hewa na bila ufa ni kazi inayotisha hata leo na vifaa vyetu.

Macho ndo yanafunguliwa mwisho, kwa sherehe. Baada ya kuwekwa wakfu haitwi tena sanamu, anahudumiwa kama mtu, anaamshwa, anaogeshwa, analishwa, analazwa. Kule mji wa Madurai kwenye hekalu la Meenakshi, ndo jina la Parvati kule, Siva kila usiku anapelekwa kwa machela chumbani kwa mkewe.

Sasa mikono. Utaratibu ambao utaukuta mara nyingi hapo Tamil Nadu ni kwamba mungu wa kike akiwa amesimama na mumewe anapewa mikono miwili, akiwa mwenyewe, yeye ndo mwenye enzi, anapewa minne au zaidi. Kwahiyo yule wako wa mikono miwili kuna uwezekano mkubwa alikuwa na Siva pembeni na wakatenganishwa. Mkono wake wa kushoto ulioning'inia, mafundi wanasema uwe kama mkia wa ng'ombe au mkonga wa tembo, uangalie ulivyolegea, hauna mfupa. Hawakumtumia mwanamke fulani akae mbele yao, kila kiungo kimetolewa kwenye kiumbe, macho samaki, mkono mkonga. Wa mikono minne, ya nyuma miwili inashika alama zake za kumtambulisha, ya mbele inaongea na wewe. Kiganja kimeinuliwa kikikutazama maana yake usiogope. Kiganja kimeshushwa chini kimefunguka, anatoa.

Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, utamjua kwa yungiyungi, anakalia na kushika, ua linalotoka kwenye tope na tope halilishiki. Wale tembo wawili wanaommwagia maji ni mawingu ya mvua, maana kwa mkulima utajiri ni mvua. Huyu unamfahamu toka utotoni, ndo yule wa kwenye picha kwenye maduka ya Wahindi Kariakoo na Kisutu, sarafu zinadondoka mkononi, na Diwali wanamwomba wakifungua vitabu vipya vya hesabu. Ila wetu wa Dar wengi ni Wagujarati na mahekaluni kwao utakuta zaidi marumaru iliyopakwa rangi, hii bronzi ya kubebwa ni mambo ya Watamili. Saraswati, wa elimu, ana kinanda cha nyuzi wanaita vina, kitabu, na tasbihi, na yule ndege wake bata maji inasemekana ukimpa maziwa yaliyochanganywa na maji anakunywa maziwa anaacha maji.

Durga, mungu wa kike wa vita, ndo nakuomba umkalie muda mrefu. Kisa chake ni kwamba pepo Mahisha, nyati, alikuwa amepewa ahadi hakuna mwanaume atakayemuua, akawafukuza miungu wote mbinguni. Ikabidi wakusanye nguvu zao zikawa mwanamke mmoja, Siva akatoa mkuki wa ncha tatu, mungu mwenzake Vishnu gurudumu lake la kurusha, mlima Himalaya ukampa simba. Kwahiyo ile mikono mingi siyo mapambo, kila mkono una silaha ya mwanaume aliyeshindwa. Mafundi wa Chola wanapenda kumsimamisha tu juu ya kichwa cha nyati, vita vimeisha, na uso wake hauna hasira hata chembe. Nimeangalia uso ule mara nyingi sana na bado sijauchoka.

Ukipata nafasi panda treni uende Thanjavur, hekalu kubwa alilomaliza mfalme Rajaraja wa Chola mwaka 1010 lipo palepale, na kwenye jumba la kifalme kuna Siva na mkewe waliotoka hekalu la Thiruvenkadu, maandishi ya hekaluni yanaonyesha Siva alitolewa sadaka mwaka 1011 na mkewe 1012. Pale utaona tofauti ya kitu kilichopotea kweli na mkono uliosubiwa mtupu: Siva ameegemeza mkono hewani, maana fahali wake hayupo. Hao walifukuliwa ardhini miaka ya 1950. Zilizofukiwa ni nyingi, makuhani walizificha wakati wa vita, hasa baada ya jeshi la Malik Kafur, jemadari wa sultani wa Delhi, kufika kusini mwaka 1311, waliojua zilipo wakafa, na mpaka leo mkulima analima anagonga shaba.

Na hapo nakujibu la mwisho uliloniuliza, kama ununue Parvati mdogo kwa huyo mwenye duka anayekwambia ni wa kale. Usinunue. Kama anadanganya utalipa bei ya uongo, na kama anasema kweli basi kuna hekalu mahali limebaki tupu. Kuna Parvati aliibiwa hekalu la Siva kijiji cha Sripuranthan, akafika mpaka jumba la makumbusho la Singapore likamnunua mwaka 2007, na 2015 likamrudisha India. Ni wa wanakijiji, siyo mali ya dukani. Alafu sheria ya India ya 1972 hairuhusu kutoa nje kitu cha kale cha zaidi ya miaka 100, watakukamata airport na masomo yako yaishie hapo. Ukitaka, nenda Swamimalai ununue mpya kwa fundi mwenyewe, uombe risiti iliyoandikwa kwamba ni kazi mpya, na uchague ambayo vidole vimetoka vizuri kuliko yenye kung'aa, kung'aa wanasugua tu na ukwaju. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la mvua lilifika.

Baba yako