Kufunga mwamba wa pweza: faida inakwenda kwa nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, assalam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkaazi wa kusini Unguja, na riziki yangu ni pweza ninayemchokoa kwa miguu maji yakipwa. Kamati ya uvuvi ya shehia yetu inataka kuufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi wa pweza, kwa miezi mitatu, na inatuahidi kwamba tukiufungua tutavuna zaidi. Nasikia pweza haishi muda mrefu. Je, tukimwacha si atakufa bure? Na sisi wanawake tusio na vyombo tutapata nini siku ya kufungua, ikiwa vijana wenye miwani ya kuzamia watatutangulia?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Ni kweli kwamba pweza wa miamba yetu huishi kiasi cha mwaka mmoja na ushei tu. Jike hutaga mara moja katika uhai wake, malaki ya mayai, akajifungia pangoni kuyalinda bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Hata hivyo, ufupi huo wa maisha ndio unaoipa tija subira ya miezi michache, kwa kuwa kiumbe wa umri huo hana budi kukua upesi, na pweza mdogo anayeuzwa leo kwa bei ya kutupa, akiachwa miezi miwili au mitatu, huwa ameongeza uzito wake mara kadhaa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Wavuvi wa kabila la Wavezo wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga sehemu ya miamba yao mwaka 2004, na vijiji jirani vikawafuata. Kwetu, watu wa Kisiwa Panza, Pemba, nao wameshaifuata njia hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliochunguza vipindi 36 vya kufunga huko Madagaska, ulionyesha kwamba katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza waliovuliwa kwenye maeneo hayo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, ilhali kiasi alichovua mvuvi mmoja kwa siku kiliongezeka kwa karibu asilimia 90.

Zilinganishe tarakimu hizo mbili, mama, kwani ndani yake mna jibu la swali lako la pili. Jumla ilipanda mno kuliko fungu la mtu mmoja kwa sababu mwamba unapofunguliwa huja watu wengi, wakiwamo wasiokuwa wakivua hapo kabla. Hofu yako, kwa hiyo, ina msingi. Anayezamia huingia hata maji yakiwa yamejaa, nawe unasubiri bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, na mwamba ukifunguliwa siku isiyo ya bamvua utafika mapango yakiwa matupu.

Yafaa pia mwambiwe wazi kwamba miezi mitatu huleta uzito zaidi kuliko uzazi. Vitoto vya pweza vikianguliwa huelea wiki kadhaa na kuchukuliwa na mkondo, hivyo mayai ya mwamba wenu yanaweza kuwa neema ya kijiji kingine, na ya wengine yakawa yenu. Ndiyo maana vijiji jirani vikikubaliana kufunga pamoja manufaa huwa makubwa, na sehemu ndogo isiyofunguliwa kamwe ina thamani yake.

Kwa maoni yangu, kubalini kufunga, lakini msikubali kabla masharti hayajaandikwa na wanawake hawajaketi ndani ya kamati. Dai la kwanza liwe kwamba siku ya kufungua ipangwe katika bamvua na wanaokwenda kwa miguu watangulie. Lisifungwe eneo lote, ili mbaki na pahala pa kutafutia kitoweo. Huko Madagaska hufungwa takriban sehemu moja ya tano tu. Pweza wadogo warudishwe: Kanuni za Uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na kamati yenu inaweza kujiwekea kipimo kama hicho hicho. Kisha mkubaliane kuhusu nondo za kuchokolea, kwa sababu umati unaokanyaga matumbawe na kuyapasua kwa chuma ili kumtoa pweza mmoja unabomoa pango ambalo pweza mwingine angehamia, na tumbawe lililovunjika huchukua miaka mingi kurudi.