Sosi ya saladi na tui lililokatika

Mhariri ameuliza wiki hii: ni kitu gani ulichozoea kukinunua dukani ambacho sasa unakitengeneza mwenyewe, na je, kinastahili taabu yake? Kwangu mimi ni sosi nzito ya saladi, ile nyeupe ya chupa, na ninasema kwa yakini kwamba inastahili, mradi mtu aelewe kwanza kwa nini hushikamana na kwa nini hukatika.

Mara ya kwanza niliiharibu. Ilikuwa nyumbani kwa mavyaa wangu, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, siku tuliyokuwa na wageni. Nilivunja yai, nikatenga kiini, nikamimina nusu kikombe cha mafuta kwa mkupuo mmoja, kisha nikapiga kwa uma mpaka mkono ukaniuma. Nilichokipata ni uji wa manjano wenye chembechembe, na mafuta yameelea juu yake. Mavyaa alichungulia bakuli akasema, "Hii imekatika, mwanangu, kama tui." Wakati ule nilidhani anafananisha sura tu, kumbe alikuwa amenitajia sababu yenyewe.

Tui ni matone madogo ya mafuta ya nazi yaliyotawanyika ndani ya maji, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasiungane. Ukiliacha lichemke kwa moto mkali bila kulikoroga, protini hizo huganda, matone hukutana, na mafuta hujitenga. Ndiyo maana mpishi wa mchuzi wa samaki haondoi upawa sufuriani mpaka tui litulie. Sosi ya yai ni jamaa yake. Kiini kina lesithini, ambayo upande wake mmoja hushika maji na wa pili hushika mafuta, na kila tone la mafuta huvikwa utando wake. Lakini matone hayo lazima yavunjwe yakiwa machache, kwa hiyo anayemimina mafuta mengi kwa pamoja huyapa nafasi ya kuungana kabla hayajavikwa.

Siku hizi hufanya hivi. Kiini kimoja na mafuta ya alizeti yasiyozidi robo tatu ya kikombe huvitoa mapema ili viwe na joto moja. Kiini nakipiga pamoja na chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai cha haradali na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, kisha naanza kudondosha mafuta, tone baada ya tone, huku mkono wa pili haupumziki. Dakika za mwanzo huoni kitu. Halafu ghafla uma huanza kuacha mistari chini ya bakuli, mistari hiyo haifutiki upesi, na hata sauti ya kupiga hubadilika ikawa nzito. Hapo ndipo unaweza kuyamimina mafuta kwa uzi mwembamba. Linalowashangaza wengi ni kwamba sosi huwa nzito kwa kuongezwa mafuta, kwa sababu matone hubanana, na huwa nyepesi kwa kuongezwa maji. Ikikatika, usiimwage: weka kiini kingine katika bakuli safi, kisha uirudishe ile iliyokatika kidogo kidogo kana kwamba ndiyo mafuta.

Niliwahi kujaribu mafuta ya nazi, nikitaka ladha ya kwetu. Ladha ilikuwa nzuri mno, lakini mafuta hayo huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi niliikuta sosi ngumu ndani ya friji. Ilipoyeyuka ikawa imekatika. Sasa nikiitaka nazi natumia tui zito la kwanza, vijiko viwili tu, nalichanganya mwishoni, na sosi hiyo huliwa siku ile ile kwani tui halikawii kuchacha.

Sosi ya yai peke yake huiona nzito mno kwa joto letu, na hapa ndipo ninapodhani ya nyumbani huipita ya chupa kwa mbali. Huchukua maziwa ya mgando, nikayatundika ndani ya kitambaa cha melimeli kwa saa mbili au tatu mpaka maji yachuruzike, nikachanganya vikombe viwili vya mgando huo na kimoja cha sosi. Kisha hutia thomu iliyopondwa kwa chumvi kwenye kinu, dania iliyokatwakatwa, pilipili manga, na ndimu ya mwisho baada ya kuonja. Huifaa sana saladi ya viazi na karoti za kuchemsha, matango, na hata jodari wa kuchoma. Kachumbari siitilii, kachumbari ina maji yake na ndimu yake, na huinyima sosi uzito wake mara moja.

Kuhusu yai bichi, nawasihi wasomaji wasilichukulie kwa wepesi. Yai laweza kubeba vijidudu vya salmonela, kwa hiyo watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa huwatengenezea ya mgando mtupu uliokolezwa kijiko cha mafuta, au hutumia viini vya mayai yaliyochemshwa yakaiva, nikavisaga vilainike kabla ya kudondosha mafuta. Sosi yake haiwi nyororo sawasawa, lakini ni tamu. Ya chupa huhimili miezi kwa sababu ya siki, vihifadhi na joto la kiwandani. Yangu hukaa ndani ya friji siku mbili, haipiti saa moja mezani mchana wa jua kali, na siku ambazo umeme unakatika mara kwa mara hufanya ile tu inayotosha sahani za mchana.