Faili Likishuka kwa Nyuma, Mtumiaji Aone Nini?

Kitufe cha kupakua kinachokaa kimya baada ya kubofywa kitabofywa tena. Nimeliona hilo kwa maafisa ugani wa Kongwa na Bahi wanaotumia mfumo tuliowatengenezea hapa Dodoma. Ripoti ya mavuno inaandaliwa kwenye seva, skrini haisemi kitu, afisa anabofya tena na tena, na seva inaandaa ripoti ileile upya kila mara. Usimlaumu, hajaambiwa chochote.

Kwa hiyo kitufe kibadilike papo hapo: kiandike "Inaandaliwa" na kisibofyeke. Duara linalozunguka bila maneno silihesabu. Ripoti nzito isisubiriwe kwenye ombi moja. Seva ijibu 202 (ombi limepokelewa, kazi bado) pamoja na namba ya kazi, na ukurasa uulizie kila baada ya sekunde chache. Ikiwa tayari, toa taarifa ndogo pembeni yenye kitufe cha kufungua. Usiifungue wewe, kwani mwenzio huenda yuko katikati ya kujaza fomu.

Asilimia za upakuaji zina mtego. Seva isipotuma Content-Length (kichwa cha jibu kinachotaja idadi ya baiti), ukubwa wa faili haujulikani. Hata ikituma, jibu likiwa limebanwa kwa gzip namba hiyo ni ya faili lililobanwa, ilhali msimbo wako unahesabu baiti zilizokwisha kufunguliwa, na unajikuta kwenye asilimia 140. Hapo onyesha tu megabaiti zilizoshuka.

Bando nalo ni pesa. Taja ukubwa kabla ya kuanza, na "Sitisha" ikate upakuaji kweli kwa AbortController (zana ya kivinjari ya kukatisha ombi), isiishie kuficha mstari wa maendeleo. Mtandao ukipotea njiani kuelekea Kondoa, omba kipande kilichobaki kwa Range (kichwa cha ombi kinachotaja baiti unazotaka). Seva inayokubali hujibu 206 (sehemu tu ya faili). Isiyokubali hujibu 200 na kuleta faili zima, hivyo kagua kabla ya kuunganisha vipande.

Sevisi woka (service worker, skripti ambayo kivinjari huiendesha nyuma ya ukurasa) je? Inasaidia, ila kivinjari huizima kikiona imekaa bure au imechukua muda mrefu mno. Background Fetch, zana ya kivinjari ya kupakua mafaili makubwa kwa nyuma, ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa na imo kwenye Chrome tangu 2019, lakini Firefox na Safari hazina. Mimi faili la kawaida namwachia kivinjari: kiungo cha kawaida, Content-Disposition: attachment (kichwa kinachokiambia kivinjari kipakue faili badala ya kulionyesha), basi. Upakuaji unaendelea hata ukurasa ukifungwa, na afisa keshajua pa kulitafuta faili lake.