Nyuni si jina la mtu

Kila mitihani ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa namna moja. "Dada shikamoo, naomba uchambuzi wa Kinjeketile." "Dada mambo, una madesa ya Rosa Mistika?" Wengine hata salamu hawatoi. Nawapenda wadogo zangu hawa, ila siku hizi situmi kitu. Madesa niliyonayo, yaani notisi za uchambuzi wa vitabu, niliyanakili kwa mtu aliyeyanakili kwa mwingine, naye sijui aliyatoa wapi, na yaliwahi kunitia aibu mbele ya darasa zima.

Ilikuwa mwaka wa pili chuoni, semina ya ushairi wa kale. Zamu yangu ya kuwasilisha iliangukia Al-Inkishafi, shairi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir linaloyalilia magofu ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, la kama miaka 200 iliyopita. Nikaenda na kurasa nne zilizojaa: dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, tamathali tano na mfano wa kila moja. Nilikuwa nimevaa vizuri pia. Nilipofika kwenye maneno "wana wa nyuni", nikaeleza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hao ni watoto wa ukoo wa kina Nyuni, matajiri wa Pate wa enzi zile.

Kimya. Kisha kaka mmoja wa Lamu aliyekaa nyuma akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza tu, "Shairi lenyewe umelisoma?"

Nyuni ni ndege. Neno la zamani, na kwa watu wa kaskazini ya pwani wala si geni. Kamusi ilikuwa hosteli, juu ya kabati, chini ya sufuria ya mwenzangu.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo mpaka leo ndilo ninalowaambia wanaoniomba madesa. Nilichukua daftari, nikaunakili ubeti kwa mkono, nikiacha nafasi kubwa kati ya mshororo na mshororo. Nikapiga mstari chini ya kila neno nisilolijua, hata lile nililodhani nalijua. Mishororo mitatu ya mwanzo ni hii:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani

Nilipomaliza kupiga mistari, karibu kila neno lilikuwa na mstari. Asubuhi nilimfuata yule kaka wa Lamu, nikameza aibu, nikamnunulia chai na maandazi. Akanifungua macho. Madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa kwa safu kwenye kuta za nyumba za mawe, chumba cha ndani, ambamo wenye mali walipanga vyombo vyao vya kaure ili mgeni avione. Zisahani ni visahani; kule vi- huwa zi-. Walaliye ni wamelala. Bumu ni bundi. Akanichorea ukuta wa nyumba ya bibi yake nyuma ya risiti, na vidaka vyake vyote.

Sasa shairi likaanza kusema. Angalia vitenzi: kulala, kukoroma. Nani hulala na kukoroma ndani ya nyumba? Mwenye nyumba. Mshairi angeweza kusema ndege wametaga, wamejenga viota, wamechafua kuta. Kawapa ndege shughuli za binadamu wa usiku. Nyumba ina wakazi wapya na wao wamejilalia kwa raha zao. Kwenye ubeti mwingine wa sehemu hiyo hiyo kuna "makinda ya popo" yaliyoning'inia juu, na hapo hapo mshairi anasema husikii hisi wala ukeme, yaani hakuna sauti wala ukelele. Nikasumbuka: kama hakuna sauti, bundi anakoroma vipi? Jibu lilinijia nikiwa kwenye daladala. Kilichonyamaza ni sauti ya watu tu. Makinda ya popo, wana wa ndege: nyumba ile bado inalea watoto, ila watoto wa wengine. Hilo liliniuma kuliko neno "magofu" ambalo madesa yangu yalilirudia mara sita.

Halafu nikahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Ma-da-ka-ya-nyu-mba, sita, ya-zi-sa-ha-ni, tano. Kumi na moja, na pumziko baada ya ya sita. Mshororo wa pili vivyo hivyo: "sasa walaliye", pumzika, "wana wa nyuni". Usome kwa sauti utaona ujanja wake. Unaambiwa sasa wamelala, unasubiri kujua kina nani, unasikia "wana wa..." na moyo wako unakwenda kwa watu, kwa sababu kwenye nyumba ya kitajiri hulala wana wa fulani bin fulani. Silabi mbili za mwisho ndizo zinazokupiga kofi. Kwa hiyo kosa langu la semina halikuwa la kipuuzi kabisa. Nilianguka kwenye shimo ambalo mshairi alilichimba mwenyewe, ila mimi nilijenga nyumba humo humo nikahamia.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kuhesabu mizani. Shuleni tulihesabu ili tuandike "shairi hili lina mizani fulani, hivyo ni la kimapokeo", tukapata alama moja tukaendelea. Hesabu inakuonyesha mahali pumzi inapokatwa. Ukishapaona, jiulize kwa nini imekatwa hapo na si kwingine. Usipouliza hivyo, bora usihesabu.

Kwa tamthilia nina ushauri mmoja tu, na si wa kifahari: isomeni kwa sauti, watu wawili au watatu, mkigawana wahusika. Tulifanya hivyo na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, tukiwa chumbani na mihogo ya kukaanga katikati. Kabla ya hapo nilikuwa nimeisoma kimya mara moja na kuifanya somo la historia: Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani, umoja wa makabila, basi. Hili ndilo kosa ninaloliona kila mwaka. Mtu anaulizwa kuhusu mhusika anajibu kuhusu vita. Kinjekitile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Kinjeketile wa jukwaani anaishi mpaka onyesho la mwisho kwa sababu Hussein ana jambo anataka alikabili.

Mwenzangu mmoja alikuwa akisoma maneno ya Kinjeketile anapotoka majini akiwa amepagawa, akitangaza ujumbe wa Hongo, mzimu wa majini. Anaendelea vizuri, sauti imepanda, sisi tunapiga vigelegele kama umati. Mara akafika pale anaposema watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akasimama. Akaweka kitabu chini. "Hebu kwanza. Huyu Seyyid Said ametoka wapi tena?"

Swali hilo ndilo uchambuzi. Mimi nilikuwa nimelipita neno hilo bila hata kulikanyaga. Watu wanaahidiwa kumtoa Mjerumani, na ndani ya ahadi ile ile wanakabidhiwa kwa sultani wa Unguja, na umati unashangilia kwa sababu umesikia nusu ya kwanza. Baadaye Kinjeketile mwenyewe anashtuka, na mshtuko huo ndio unaoibeba tamthilia nzima: yeye ndiye aliyelitoa neno, sasa neno limekuwa kubwa kuliko yeye, hawezi kulirudisha. Mwishoni anatakiwa akane, aseme maji, ile dawa ya kuzuia risasi, yalikuwa uongo, naye anakataa ingawa sisi wasomaji tunajua alivyoanza kuyashuku. Mtu aliyelikosa lile jina la Seyyid Said atamwandika Kinjeketile kuwa "shujaa jasiri aliyewaunganisha watu", na si uongo, ila ni kama kumwelezea mama yako kwa kusema ana miguu miwili.

Mnaposoma kwa sauti angalieni pia yule asiyesema. Kwenye kitabu, mhusika akinyamaza kurasa mbili unamsahau. Chumbani kwetu aliyepewa Bibi Kitunda alikuwa ametukodolea macho akisubiri zamu yake, na tukamwona yumo.

Riwaya ni ndefu, na hapa sitadanganya mtu: ukiwa na vitabu vya kutosha kujaza begi, huwezi kukisoma kila kimoja kama nilivyousoma ule ubeti. Kisome chote mara moja kwa raha, kama hadithi, bila kalamu. Kisha chagua kurasa mbili ambazo zilikukera, zilikuchekesha au hukuzielewa, uzing'ang'anie hizo. Wengi hufanya kinyume: kalamu mkononi tangu ukurasa wa kwanza, wanawinda methali na tashbiha kama wanaokota kuni, wanafika mwisho wa kitabu hawakumbuki nani aliolewa na nani.

Na usidharau majina. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, sisi tuliisoma kwa kuwa tulisikia iliwahi kuzuiliwa shuleni. Tuliitafutia kurasa zile, mnazijua. Mimi si Mkatoliki, jina "Mistika" nililiona la kupendeza tu. Aliyeniamsha ni mwenzangu aliyelelewa kwenye rozari, siku moja akiifuata litania ya Bikira Maria huku anakunja nguo: "Waridi lenye fumbo..." Akageuka akanitazama. Kwa Kilatini, waridi lenye fumbo ni Rosa Mystica. Na mama yake Rosa anaitwa Regina, ambalo ni malkia, cheo kingine cha Maria kwenye litania hiyo hiyo.

Rudi sasa kwenye kitabu uone anachofanya mwandishi. Regina, malkia, anapigwa na Zakaria, mume mlevi. Rosa, aliyebeba jina la sala, baba yake anamlinda kwa fimbo mpaka hajui wavulana ni watu gani, halafu anatupwa duniani. Kezilahabi hakuhitaji kuandika aya moja ya kulaumu malezi. Kinaya kimekaa kwenye jalada, unakishika kila unapokifungua kitabu. Madesa yangu chini ya kichwa "Jina la kitabu" yaliandika: "Jina limesadifu yaliyomo." Basi.

(Hata tafsiri husema kitu. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice aliita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lile la ujamaa. Wafanyabiashara lilikuwepo, wachuuzi lilikuwepo. Mabepari ni neno la kuchagua kwa makusudi, na hapo Mwalimu ameshaichambua tamthilia kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.)

Najua mtakaloniambia: dada, mtihani hautaki hayo, mtihani unataka hoja tatu kutoka kila kitabu. Ni kweli. Jedwali la fani na maudhui lipo na litakuwepo, na sikutumi ukafeli kwa ajili ya ndege wa Pate. Ninachosema ni lini ulijaze. Ukianza nalo, utakuwa unatafuta vitu vya kujazia visanduku, na kila kitabu kitafanana na kingine: vyote vina rushwa, ndoa, nafasi ya mwanamke. Lijaze mwishoni, ukiwa tayari na maswali yako matatu yaliyokuhangaisha kwenye kila kitabu. Utashangaa: kila swali la kweli hukupa hoja, na mfano wake unao tayari kwa sababu ndiko ulikotoka. Mimi daftari langu la mwaka wa tatu lilikuwa na safu tatu tu: maneno yenyewe pamoja na ukurasa, nani anamwambia nani, na "kwa nini amesema hivi". Safu ya tatu mara nyingi iliachwa wazi wiki nzima.

Kile kipengele cha "kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi" kiandike tu kama kimeulizwa, ila moyoni ucheke kidogo. Una miaka kumi na minane, unampa alama Shaaban Robert.

Na madesa? Yasome, lakini baada yako. Ukishakuwa na lako la kusema, utayasoma ukibishana nayo, na utaona mengi yameandikwa na mtu aliyekuwa na haraka kama wewe.

Juzi usiku mmoja wa wadogo zangu hao, niliyemkatalia uchambuzi mwezi uliopita akaninunia, alinitumia sauti ya sekunde tisa. Hakusalimu. "Dada, kama Regina ni malkia, mbona hakuna hata mtu mmoja anayemtii?" Nikampigia palepale. Tuliongea mpaka salio likakata, yeye akapiga, na lake likakata.